Kadi zenye mandhari ya kumeta: rangi, wino na unga wa ulanga

Kadi yenye mandhari ya kumeta huharibika kwa njia mbili. Kuna ile inayometa kila pembe hadi jicho halijui litue wapi, na maneno yamepotelea humo. Na kuna ile iliyowaka vizuri ikiwa mbichi, ikakauka ikafubaa, na ukiipitishia kidole kinatoka na vumbi la dhahabu. Ya kwanza ni kukosa kiasi tu. Ya pili ndiyo inayowakatisha watu tamaa, na karibu kila mara inatokana na kutojua kile kinachometa ni kitu gani.

Kinachometa ni ulanga, madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka. Ukisagwa hautoi punje kama mchanga, unatoa vipande bapa. Kiwandani kila kipande huvikwa ngozi nyembamba mno ya dioksidi ya titani, na unene wa ngozi hiyo ndio unaoamua rangi utakayoiona. Ikiwa nyembamba kabisa unaona fedha, ikiongezeka kidogo dhahabu, kisha wekundu, zambarau, buluu, na mwisho kijani. Rangi hiyo haimo ndani ya kipande. Ni mwanga unaocheza juu ya ngozi, kama unavyocheza juu ya povu la sabuni. Rangi za shaba hupatikana kwa kuvika oksidi ya chuma, na hizo hufunika karatasi vizuri zaidi kwa kuwa oksidi yenyewe ina rangi.

Basi chukulia kwamba unapaka vioo vidogo. Kioo kilicholala bapa kinakurudishia mwanga. Kilichosimama ubavu, kilichovunjwavunjwa, au kilichozikwa chini ya rangi nzito, hakina kazi tena. Ukilishika hilo, makosa mengi utayaona yakija kabla hayajafika.

Karatasi kwanza

Kwa kazi yoyote inayohusu maji mengi, chukua karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya gramu 200 inavumilia wino wa kusugulia kwa sifongo, lakini ukiilowesha inajikunja kama jani kavu na rangi inakimbilia mabondeni.

Uso wa karatasi ndio unaoamua aina ya mng'ao. Juu ya uso laini vipande vya ulanga hulala pamoja, na unapata mng'ao mmoja mpana kama wa hariri. Juu ya uso wenye chembechembe kila kipande huangukia bonde lake na kuelekea kwake, kwa hiyo mng'ao unakuja nukta nukta. Kwa anga ya usiku, chagua chembechembe. Kwa kadi ya harusi au mandhari itakayogongwa mhuri, chagua laini. Mhuri hauwezi kufika mabondeni na herufi zitatoka zimekatika.

Karatasi ya pamba tupu hukaa na maji muda mrefu na kuziacha rangi ziingiliane polepole. Ya nyuzi za miti hukauka upesi na kuacha kingo kali, ila ni rahisi kunyanyua rangi uliyokosea kwa brashi mbichi. Kwa wino wa kusugulia, karatasi ya pamba yenye chembechembe inakera: wino unang'ang'ania pale ulipogusa kwanza na kuacha madoa yasiyofutika. Tumia karatasi nyeupe laini ya kadi, gramu 250 hadi 300.

Vipimo havihitaji maneno mengi. Kata karatasi ya A4 katikati upate milimita 210 kwa 148, ikunje kwenye milimita 105, unayo kadi ya A6 inayoingia kwenye bahasha ya C6, ambayo ni milimita 114 kwa 162. Kipande cha mandhari, kile utakachokipaka kisha ukibandike usoni mwa kadi, kikiwa milimita 95 kwa 138 kinaacha ukingo wa milimita 5 pande zote. Usipake kipande kilichokwisha kukatwa kwa kipimo hicho. Paka kikubwa zaidi, kisha ukate. Kingo ndipo maji hukusanyika na rangi kuharibika, na ni afadhali zibaki kwenye mabaki.

Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ikunje kidogo bila kuivunja, kwanza upande mmoja, halafu mwingine. Upande unaokubali kirahisi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo wa kadi upitie huko huko. Ukikunja kinyume, mgongo unapasuka na weupe unatokeza. Kabla ya kukunja, chora mfereji kwa rula na kalamu iliyokwisha wino. Kisu kinaonekana kama njia ya mkato, lakini kinakata nyuzi zinazotakiwa kushikilia mgongo.

Rangi ya chini

Mng'ao unakuja mwisho, juu ya rangi iliyokauka. Rangi ya chini nayo inahitaji kuwa nyembamba na yenye kupitisha mwanga. Rangi nzito iliyochanganywa na nyeupe inawafunika wale vioo wadogo ukiichanganya nao, na hapo ndipo wengi hulalamika kwamba rangi yao ya kumeta ni feki.

Njia nyepesi kuliko zote ni wino wa pedi, ile ya kugongea mihuri, na sifongo. Chota wino kwa sifongo, anzia nje ya karatasi, juu ya karatasi chakavu, kisha ingia ndani kwa mizunguko mepesi. Ukianzia katikati utaacha alama ya sifongo ambayo haitaondoka. Anza na rangi iliyo nyepesi zaidi, malizia na iliyokolea, na rudisha ile nyepesi kwenye mpaka wao ili isionekane zinapokutania. Mikono iwe mikavu: jasho la kidole kwenye karatasi hutokeza kama doa jeusi pale wino unapopita.

Njia ya pili ni ya plastiki. Chukua karatasi ngumu ya plastiki, kama ile ya kufunikia daftari, au mfuko mgumu uliokatwa. Gandamiza pedi za wino moja kwa moja juu yake, rangi mbili au tatu, kila moja mahali pake. Nyunyizia maji mara tatu au nne ukiwa umbali wa sentimita 20 hivi, hadi wino ukusanyike kuwa matone. Lalisha karatasi uso chini juu ya matone hayo, ibonyeze kidogo, inyanyue moja kwa moja bila kuiburuta. Sasa ikaushe kabisa. Kisha rudi, gusisha tena kwenye matone yaliyobaki, kausha, gusisha. Mara tatu hadi tano zinatosha.

Hiyo "kausha kabisa" ndiyo siri nzima ya njia hii. Tabaka lililokauka linabaki lilivyo na lile jipya linakaa juu yake, ndiyo maana unapata vina na kingo zinazopishana. Ukigusisha karatasi ikiwa mbichi, rangi zote zinaingiliana na kuwa kahawia ya matope. Matope hayo pia huja kwa kuchagua rangi zinazopingana: buluu na machungwa, nyekundu na kijani, njano na zambarau. Kaa na majirani. Buluu, kijani-buluu na kijani haziharibiani hata zikimwagikiana. Waridi, machungwa na njano vilevile. Ukilazimika kutumia zinazopingana, kausha katikati yao, au weka rangi ya tatu iwe daraja.

Njia ya tatu ni rangi ya maji juu ya karatasi mbichi. Bandika karatasi kwenye ubao kwa tepu ya karatasi pande zote nne, ilowanishe kwa brashi bapa ya sentimita 2 au 3, subiri maji yaliyosimama yazame hadi ubaki mng'ao wa unyevu tu, kisha gusisha rangi na uiache itembee yenyewe. Inua ubao, uinamishe, lakini usisugue. Tepu itolewe karatasi ikiwa imekauka, kwa kuivuta kwa mshazari kutoka kwenye picha. Tepu iliyopashwa joto kidogo huachia kirahisi zaidi bila kuchuna uso wa karatasi.

Chumvi ya mawe nayo ina nafasi hapa. Ukiinyunyiza mapema mno inayeyuka, ukichelewa haifanyi kitu. Wakati wake ni pale mng'ao wa maji unapoanza kutoweka juu ya karatasi. Iache hadi pakauke kwa hewa, kisha ikwangue yote, kila punje, kwa sababu inayobaki itavuta unyevu miezi inayofuata. Na iwe kabla ya ulanga, kamwe si baada yake.

Kuweka mng'ao

Rangi ya kumeta ya kidonge, ile inayouzwa kwenye vikopo vidogo, ndiyo rahisi kuidhibiti. Dondosha matone mawili au matatu ya maji juu ya kidonge na uache dakika mbili kabla hujagusa kwa brashi. Mtu asiye na subira hukwangua kidonge kikavu, akapata maji yenye vumbi kidogo, akadhani rangi ni hafifu. Ikishalainika inatakiwa iwe nzito kama maziwa yenye malai. Paka kwa mkono mwepesi, mpigo mmoja, na usirudie ikianza kukauka; kila ukirudi unavisimamisha vipande vilivyokuwa vimelala. Matabaka mawili membamba yaliyokauka katikati yanang'aa kuliko moja nene, kwa sababu kwenye lile nene vipande vinarundikana ovyo.

Unaweza kujitengenezea rangi hii, na haina ugumu. Utomvu mkavu wa mgunga, ile gundi inayotumika kwenye rangi za maji tangu zamani, ndio unaoshika ulanga kwenye karatasi. Loweka kipimo kimoja cha unga wa gundi ya mgunga kwenye vipimo viwili vya maji ya moto, koroga, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Weka tone moja la mafuta ya karafuu isiote ukungu. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha unga wa ulanga na kijiko kimoja cha gundi hiyo, na tone moja au mawili ya asali au gliserini ili kidonge kisipasuke kikikauka.

Hapa kuna tofauti na rangi nyingine zote: ulanga hausagwi. Rangi za kawaida husagwa kwa jiwe la kioo hadi ziwe laini, lakini ukifanya hivyo kwa ulanga unavunja vioo vyako mwenyewe na kubakiwa na uji wa kijivu. Changanya taratibu kwa ubapa wa kisu butu hadi unga wote uwe umelowana, basi. Jaza kikopo kwa matabaka, tabaka la leo likauke ndipo uongeze la kesho. Pima kwa kipande cha karatasi: ikikauka, isugue kwa kidole. Ikiacha vumbi, gundi ni kidogo. Ikiwa na ngozi inayong'aa kama vanishi na kupasuka, gundi imezidi. Ikinata siku ya pili, umezidisha asali.

Wakati wa kupima unga mkavu, vaa barakoa na zima feni. Vumbi hili ni jepesi, linakaa hewani muda mrefu, na mapafu hayalihitaji.

Dawa ya kupulizia ni kwa ajili ya maeneo mapana. Katika chupa ya mililita 60 weka mililita 50 za maji yaliyochemshwa yakapoa, robo kijiko cha chai ya ulanga laini, na kijiko kimoja cha chai cha ile gundi ya mgunga. Ukitaka rangi, ongeza matone matano hadi kumi ya wino. Wino utazama kwenye karatasi na ulanga utabaki juu, kwa hiyo ukiitazama kadi wima unaona rangi, ukiiinamisha unaona fedha. Tumbukiza gololi moja ndogo ya kioo isaidie kutikisa. Ya chuma itapata kutu.

Tatizo la dawa hii ni mashapo. Ulanga ni mzito kuliko maji na hutuama ndani ya dakika chache, kwa hiyo tikisa kabla ya kila mpulizo, siyo mara moja mwanzoni. Mrija wa chupa ukifika hadi chini, ukate nusu sentimita, vinginevyo utafyonza tope na kuziba. Puliza mara ya kwanza kwenye karatasi chakavu kwa sababu tone la kwanza karibu kila mara ni kubwa na baya. Ukimaliza, chomeka kichwa cha chupa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na ukipulize hadi yatoke masafi. Tengeneza ya wiki moja au mbili tu. Maji yenye gundi ya mmea yanaoza, na harufu itakwambia.

Ukubwa wa vipande pia unachaguliwa. Ulanga laini sana hufunika vizuri na kutoa mng'ao wa lulu. Wenye vipande vikubwa hufunika kidogo lakini humetameta kwa mbali, na huziba chupa. Kwa kupulizia nunua laini. Ule mkubwa uweke kwa brashi, kwa uchache, mwishoni.

Kuhusu weusi na weupe: ule ulanga unaobadilika rangi, unaoonekana mweupe kwenye kikopo, karibu hauonekani kabisa juu ya karatasi nyeupe. Karatasi nyeupe inarudisha mwanga wote uliopenya, na rangi ya ulanga inazama ndani ya mwanga huo. Juu ya karatasi nyeusi au buluu iliyokolea, mwanga uliopenya unamezwa, na buluu au kijani cha ulanga kinajitokeza ghafla. Kikopo kimoja, matokeo mawili tofauti kabisa. Kabla hujarudisha rangi dukani, ijaribu kwenye karatasi nyeusi.

Kadi moja, hatua kwa hatua

Tuseme unataka anga ya usiku inayoanza kupambazuka. Bandika kipande cha A5, yaani nusu ya A4, cha karatasi ya pamba, gramu 300, yenye chembechembe. Kitatoa mandhari mbili.

Lowanisha. Ukiona maji yamezama, gusisha waridi chini, zambarau katikati, na buluu iliyokolea juu kabisa, ukiacha sentimita moja bila rangi kati ya kila mbili. Inua ubao upande wa buluu ili rangi iteremke yenyewe hadi zikutane. Laza. Usiiguse kwa dakika tano.

Ikiwa buluu imefifia, nayo itafifia kwa kuwa rangi ya maji hukauka ikiwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mbichi, kausha kabisa na urudie buluu tu, kwa karatasi iliyoloweshwa nusu ya juu. Draya ya nywele iwe sentimita 20 kutoka kwenye karatasi, kwa upepo mdogo, ikitembea. Ukiisogeza karibu inasukuma dimbwi la rangi na kuacha mapete yenye kingo.

Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi, bado kuna unyevu ndani hata kama uso unaonekana mkavu. Subiri hadi isiwe na ubaridi.

Sasa chukua brashi namba 4, rangi ya fedha nzito kama malai, na ugonge mpini wake juu ya kidole chako ukiwa sentimita 15 juu ya buluu. Brashi yenye maji mengi inadondosha mabaka. Ikaushe kwanza kidogo kwenye kitambaa. Nyota ndogo hutoka brashi ikiwa karibu kukauka. Funika sehemu ya waridi kwa karatasi chakavu wakati wa kugonga, kwa maana pambazuko halina nyota nyingi. Juu ya waridi, pitisha tabaka moja jembamba la dhahabu ya lulu kwa brashi bapa, kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja.

Ikauke yenyewe, bila draya. Maji yakiondoka taratibu vipande vinapata muda wa kutulia bapa, na tofauti inaonekana kwa macho ukilinganisha vipande viwili kando kwa kando.

Karatasi ikiwa imepinda, igeuze, ipitishie sifongo yenye unyevu kidogo mgongoni, iweke kati ya karatasi mbili safi na uilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Karatasi ya juu iwe laini isiyo na nakshi, la sivyo utaamka na nakshi hizo juu ya anga yako.

Mihuri, maneno, na pale wino unapogoma

Uso wenye ulanga hauna kiu, na wino wa kawaida wa mhuri hukaa juu yake bila kukauka, kisha kiganja kinaupaka kila mahali. Tumia wino unaokauka kwa kugeuka mvuke hewani, ule unaoandika hata kwenye plastiki, au tumia wino unaonata pamoja na unga wa plastiki wa kuyeyusha kwa joto. Kwa huo wa pili, pitisha kwanza kifuko cha unga wa talki juu ya mandhari yote, maana unga wa kuyeyusha hudandia unyevu wowote na mafuta ya vidole. Gonga mhuri, mwaga unga, rudisha uliozidi chupani, kung'uta. Kipulizio cha joto kikishike moto kwa sekunde kama 15 kikiwa pembeni ndipo ukisogeze kwenye karatasi, sentimita 3 hadi 5. Ukianza nacho kikiwa baridi, upepo unaupeperusha unga kabla haujayeyuka. Ukiona unga umegeuka kutoka chengachenga kuwa laini na kung'aa, ondoka papo hapo; ukizidisha, unazama kwenye karatasi na kuacha alama ya mafuta.

Utaratibu huo unaweza kugeuzwa, na kwa maoni yetu ndio matumizi mazuri zaidi ya unga wa kuyeyusha. Gonga mhuri kwanza kwenye karatasi nyeupe, yeyusha unga usio na rangi, kisha ndipo upake wino na ulanga juu. Maua au herufi hubaki nyeupe kwa sababu plastiki iliyoyeyuka haipokei maji. Futa juu yake kwa tishu kuondoa matone yaliyokwama.

Njia nyingine isiyopoteza ulanga hata kidogo: gonga mhuri kwa wino unaonata, kisha kwa brashi laini kabisa gusisha unga mkavu wa ulanga juu ya alama. Unashika pale tu palipo na wino. Kung'uta, futa uliobaki kwa kitambaa kikavu. Mandhari iwe imekauka vizuri, kwani ikiwa na unyevu unga utashika kote.

Maneno ya mkono usiyaandike juu ya ulanga. Kalamu ya jeli inaruka, na kalamu ya ncha laini hujaa vumbi na kufa. Andika kwenye kipande cheupe cha kama milimita 70 kwa 25, ukibandike. Kipande hicho kinafanya kazi nyingine muhimu zaidi: kinalipatia jicho mahali pa kupumzika. Robo ya kadi isiyometa ndiyo inayofanya zile robo tatu zionekane.

Wino wa spiriti ni ufundi wake peke yake. Unahitaji uso usionyonya, kama karatasi ya plastiki ya polipropilini. Juu ya karatasi ya kawaida unazama na kuishia hapo. Husukumwa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 91 kwenda juu, na rangi zake za dhahabu zinatosha tone moja au mawili, zikizidi zinatanda juu na kubanduka. Madirisha wazi, moto mbali, na hakuna kipulizio cha joto kwenye wino mbichi. Plastiki hiyo hujikunja kwa joto, kwa hiyo unga wa kuyeyusha usahau.

Kufunga na kubandika

Ulanga uliopata gundi ya kutosha hauhitaji kufungwa. Ukiona vumbi bado linatoka, puliza dawa ya kukazia, aina ya kung'aa, ukiwa sentimita 30, matabaka mawili mepesi, nje ya nyumba. Ile isiyong'aa inapunguza mmeto ulioutafuta kwa bidii. Usipake vanishi ya maji kwa brashi: gundi ya mgunga inayeyuka tena ikiguswa na maji, na brashi itakokota nyota zote.

Mandhari ibandikwe kwa tepu ya pande mbili, ukizungushia kingo na kuweka mstari mmoja katikati. Gundi nyeupe ya maji inafaa kama ni kidogo sana, mstari mwembamba kama uzi; ikizidi, kadi inapinda kuelekea upande wa gundi na hairudi. Vitu vilivyoinuliwa kwa tepu ya sifongo visizidi unene wa milimita 2 kama kadi itapita posta, na katikati ya uso wa kadi na bahasha weka karatasi nyembamba laini ili msuguano wa safari usikwangue ulanga.

Wino wa pedi wa rangi zilizoyeyushwa hupauka ukikaa kwenye mwanga wa jua, hasa waridi na zambarau. Ulanga wenyewe haupauki. Kadi iliyokaa dirishani mwaka mzima inaweza kubaki na nyota zake zote juu ya anga ya kijivu, kwa hiyo mandhari ya kuwekwa kwenye fremu ipakwe kwa rangi za maji zenye alama ya kustahimili mwanga, na wino wa pedi ubaki kwa kadi za kufunguliwa na kufungwa.

Mabaki ya kukata yawekwe kwenye bahasha moja. Ukanda wa milimita 10 uliobanduliwa kwenye kingo za A5 unafanya ukingo mzuri juu ya kadi nyeupe tupu, na ndiyo kadi ya haraka kuliko zote hizi: dakika tano, tepu kidogo, na hakuna cha kusubiri kikauke.